Siku mbili Córdoba

Ndugu uliyeuliza kama siku mbili zinatosha kuuona mji wa Córdoba, kusini mwa Hispania, na viunga vyake, zinatosha, ila asubuhi nzima ya kwanza itengee Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa katika karne ya 8 chini ya mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza, ambao nguzo zake zaidi ya 800 zimebeba matao ya matofali mekundu na mawe meupe yanayopishana, na katikati yake limechomoza kanisa kuu la karne ya 16. Kesho yake panda basi uende kwenye magofu ya Medina Azahara, mji wa kale wa makhalifa ulio magharibi mwa Córdoba, lakini isiwe Jumatatu, kwani hufungwa. Julai na Agosti ziepuke: joto hupita nyuzi 40, na huko magofuni kivuli ni haba.