Kakao ya Mambasa: kwa nini bei inakatwa

Ndugu, umeuliza kama kijana anaweza kuishi kwa kakao kijijini huko Mambasa, ndani ya msitu wa Ituri, Kongo, na kwa nini wanunuzi wanakukata bei. Kuishi anaweza. Ndizi huoza njiani matope yakinasa pikipiki. Kakao kavu husubiri. Ila mti huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, kwa hiyo panda migomba katikati upate chakula na kivuli.

Bei inaharibikia kwenye kuchachusha, yaani kuzirundika mbegu mbichi zipate joto kabla ya kuanikwa. Mbegu zilizochachushwa siku 2 tu hubaki na rangi ya zambarau ndani na uchungu mkali. Zifunike kwa majani ya mgomba siku 5 hadi 6, uzigeuze kila baada ya siku 2. Rundo la kilo chache halishiki joto: unganeni majirani mfikishe kilo 50 hivi. Kisha anika juu ya uchanja, kama wiki moja ya jua, hadi zilie zikibanwa mkononi. Usizikaushe kwa moshi, tafadhali. Harufu haitoki tena.

Matunda meusi yaliyooza yaondoe kila wiki wakati wa mvua. Na usifyeke ndani ya hifadhi ya wanyama ya Okapi.