Fuawe kuukuu: kingo zisikutishe, pima uso

Umeuliza kama uiache ile fuawe ya mtumba, yaani chuma kizito cha mhunzi cha kufulia juu yake, kwa sababu kingo zimemeguka. Kwa hilo tu mimi nisingeiacha. Hata mpya utazisugua kingo ziwe mviringo kidogo, maana kona kali hukikata chuma unachokikunja. Ukipata kipande cha ukingo kizima cha urefu wa kiganja kinakutosha. Cha kuangalia ni uso.

Fuawe yangu ya kwanza ilipakwa rangi nyeusi ikameta, bapa kama meza. Nikarudi nayo nyumbani kifua mbele. Nilipoanza kufua, kila pigo likawa linamezwa: nyundo hairuki, mkono ndio unaoinua kila kitu. Wiki ya pili uso umejaa vishimo, na rangi ilipobanduka nikakuta puti. Ilikuwa chuma cha kumimina kitupu, feleji (chuma kigumu) hakuna hata chembe.

Kwa hiyo nenda na gololi ya beringi na rula. Simamisha rula usoni, achia gololi kutoka sentimita 25. Ikirudi 20 au zaidi, chukua. Ikifika 15 bado utajifunzia. Ikirudi 7 au 8 ikatulia, aga uende zako. Rudia kila mahali, maana kwenye fuawe za zamani bamba la feleji lililounganishwa usoni huweza kuachana na mwili upande mmoja. Gonga hapo kwa nyundo ndogo, utausikia mlio unabadilika kama wa chungu chenye ufa. Kule kwenye tundu la mraba, kwenye kisigino (ncha ya nyuma ya fuawe), gololi ikirudi chini kidogo usishtuke, hapo ni pembamba.

Mlio peke yake usiuamini. Fisher za Marekani hazilii, na ni fuawe nzuri sana.

Muulize muuzaji kama uso umewahi kupitishwa grainda. Bamba lenyewe mara nyingi ni sentimita moja na kitu tu, na kila aliyelinyoosha amepunguza maisha yake. Uliza pia kama imewahi kuungua, kwa mfano banda liliposhika moto, maana joto huondoa ugumu wa feleji. Jaribu kwa tupa: usoni inatakiwa iteleze, ikiuma kirahisi uso umelainika.

Ukikuta namba tatu ubavuni, kama kwenye Peter Wright za Uingereza, ni uzito wa kizamani. 1 2 10 maana yake ni ratili 112, jumlisha 28 mara mbili, jumlisha 10: ratili 178, karibu kilo 81. Wengi huzisoma kama ratili 1,210, na muuzaji mjanja hawasahihishi.

Ukikosa kabisa, tafuta kipande cha reli. Mimi nimekifulia miezi minane. Ila kisimamishe wima kwenye gogo, ufulie kwenye ile ncha iliyokatwa. Ukikilaza, kile kiuno chembamba cha katikati kinayumba na nusu ya pigo inapotelea humo.