Muulize Fundi wa Sauti: Kabla Hujachomoa Kapasita za Maiki Yako

Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga udi katika kikundi cha taarabu. Nimenunua Kariakoo maiki mbili nyembamba za kondensa, zile za bei ya chini zinazouzwa kwa jozi. Nikirekodi udi, sauti inatoka kali, nyuzi nyembamba zinachoma masikio na tumbo la udi halisikiki. Jirani yangu ni fundi redio, anasema tubadilishe kapasita zote na transista, maiki zitakuwa sawa na za Kijerumani. Nimpe?
*Mpiga udi, Mbagala*

Marahaba. Usimpe bado, na siku ukimpa, mpe moja tu.

Maiki za aina hii zimepita nyingi mezani kwangu. Ukiondoa jina lililochapwa kwenye bomba, nyingi ndani zinafanana. Juu kuna kapsuli: utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umepakwa dhahabu, umewambwa mbele ya bamba la chuma lenye matundu. Chini yake kuna saketi inayopokea umeme mdogo sana kutoka kwenye utando na kuupa nguvu ya kusafiri kwenye waya. Saketi hizo nyingi zinafuata mchoro wa kampuni ya Schoeps ya Ujerumani: FET moja mwanzoni (aina ya transista inayopokea umeme mdogo sana), transista mbili mwishoni, hakuna transfoma. Mchoro wenyewe ni mzuri sana, na hata ukijengwa kwa vipuri vya bei ndogo unafanya kazi yake.

Kwa hiyo ukali unaousikia hautoki huko. Unatoka kwenye kapsuli. Kapsuli nyingi za bei nafuu zimeinuliwa kwenye sauti za juu, kati ya kilohezi 8 na 12 hivi, kwa sababu mnunuzi anayejaribu maiki dukani kwa dakika mbili huvutiwa na kile king'aacho. Jirani yako anaweza kubadilisha kila kipuri kilichomo kwenye saketi na mwinuko huo ukabaki pale pale. Hizo za Kijerumani anazozitaja, mfano Neumann KM 84 iliyotoka mwaka 1966, zinapendwa kwanza kwa kapsuli yake iliyo tulivu. Tena ile ina transfoma, yako haina. Kufanana kwa bomba hakufanyi ndugu.

Hata hivyo kuna kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme) moja ambayo mimi hubadilisha nikiikuta ni mbaya: ile iliyo kati ya kapsuli na FET. Watengenezaji wengi huweka hapo ya kauri ya bei ya chini kabisa. Kauri ya namna hiyo hubadilisha kiwango chake volti zikipanda na kushuka, na pia huhisi mtikisiko, yaani ukiigonga kidogo kwa kijiti unaisikia kwenye spika. Mahali hapo weka ya polipropilini au polistirini, yenye kiwango kilekile na uwezo wa volti usiopungua wa ile ya kwanza, mradi ienee ndani ya bomba. Polistirini huyeyuka upesi, basi wakati wa kulehemu shika mguu wake kwa koleo ndogo ili joto liishie kwenye koleo. Kapasita za elektroliti za mwishoni nazo zibadilishwe ikiwa zimevimba au besi imepotea. Zikiwa nzima, ziache.

FET asiiguse. FET mbili za namba moja, zilizotoka pakiti moja, hazilingani tabia. Ukiweka nyingine ni lazima uipangie upya volti zake, na kazi hiyo inataka osiloskopu na jenereta ya mawimbi. Fundi asiye navyo anabahatisha, na maiki iliyobahatishwa inakwaruza mara tu ngoma inapoingia.

Nimesema umpe moja kwa sababu nyingine pia. Ile isiyoguswa ndiyo shahidi wako. Zifunge zote mbili pamoja kwenye stendi moja, vichwa vikigusana, zote zikiwa na geini (kiwango cha kukuza sauti) sawa. Rekodi kipande kilekile, halafu mwombe mtu akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi. Masikio yanayojua pesa zimetumika husikia mabadiliko hata yasipokuwepo. Kama huwezi kuzitofautisha, mshukuru jirani na umlipe kazi yake, lakini ya pili ibaki ilivyo.

Sasa udi wako. Kabla ya yote, najua wengi mnaielekeza maiki moja kwa moja kwenye tundu kubwa, sentimita 10 kutoka hapo, kwa kuogopa kelele za nje. Hapo unapata vitu viwili vibaya kwa pamoja: mvumo wa tundu unaofunika noti za chini, na mkwaruzo wa kipigio usoni. Isogeze mpaka sentimita 30 au 40. Ielekeze kati ya tundu na daraja la nyuzi, kisha izungushe pembeni kama digrii 30, isikutazame uso kwa uso. Maiki hizi hupoteza ukali wake zikipokea sauti kwa ubavu, na wewe unataka hasa upotee. Mengine malizia kwa ikwaliza, yaani kidhibiti cha sauti za juu na za chini, desibeli 3 au 4 chini kwenye kilohezi 10. Ikwaliza unaweza kuifuta kesho. Kapasita iliyochomolewa huirudishi kirahisi.

Umbali huo utakuletea chumba chako chote, hilo sitakuficha. Bodaboda, feni ya jirani, bati likipanuka kwa jua la mchana. Rekodi usiku, zima friji, simamisha magodoro mawili nyuma yako wewe mpigaji, kwa sababu maiki inatazama upande huo. Udi una nyuzi 11 kwa kawaida, na utamu wake uko katika zile jozi zinavyopishana kidogo sana katika kusikika. Ukiubana sentimita 10 kutoka kwenye mbao, utamu huo haufiki kwenye maiki kamwe, na hakuna kipuri kinachouleta.

Fundi, habari za kazi. Maiki yangu ya kondensa ilikuwa nzuri tangu mwaka jana. Masika yalipoanza ikaanza kutoa mlio kama wa mahindi yanayokaangwa, zaidi jioni, na wakati mwingine inaunguruma yenyewe. Dukani wameniambia kapsuli imekufa.
*Mrekodi wa ngoma na ilimba, Kigamboni*

Haijafa. Imelowa, au ina uchafu, na nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kila Masika maiki nzima zinatupwa katika mji huu kwa kosa hili.

Pale kapsuli inapokutana na FET kuna rezista za gigaohmu 1, yaani ohmu bilioni moja. Ukinzani mkubwa hivyo ndio unaofanya umeme mdogo wa utando usivuje kabla ya kusikika. Sasa fikiria alama ya kidole chenye jasho, au mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) ambayo kiwandani hayakusafishwa, yanavuta unyevu wa hewa ya pwani. Hapo umeme unapata njia ya pembeni, unavuja kwa vishindo, na kila kishindo unakisikia kama punje inapasuka. Jioni hewa inapoa na unyevu unazidi kushika, ndiyo maana mlio unaongezeka saa hizo.

Zima umeme wa fantomu (ule unaoifikia maiki kupitia waya wake wa sauti), chomoa waya, subiri dakika chache. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli utoke mwilini, maana FET huuawa na cheche usiyoiona. Fungua bomba. Ondoa kapsuli nzima uiweke mbali, kwenye kikombe safi kilichofunikwa. Kisha chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, usafishe ubao pande zote, hasa kuizunguka FET, zile rezista kubwa na kipande cha plastiki kinachoshika kapsuli. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji mengi, itakurudisha ulikotoka. Ukimaliza usiguse tena kwa vidole. Acha ubao ukauke mahali pakavu, saa kadhaa, ndipo ufunge.

Kapsuli yenyewe usiioshe, usiifute, na nakusihi usiipulizie kwa mdomo. Pumzi ni maji. Ifungie usiku kucha kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika. Wapo wanaotumia mchele. Mchele una vumbi la wanga, na vumbi hilo likitua kwenye utando halitoki. Tumia silika ile inayobadilika rangi, ikishiba unaikausha kwenye oveni ya moto mdogo na kuitumia tena.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe unatoka nayo. Maiki iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukiitoa ghafla kwenye joto la nje, inatoa jasho kama chupa ya soda baridi. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa nusu saa, ipate joto taratibu, ndipo uichomeke. Kwa ilimba nakushauri uisogeze maiki karibu kuliko kwa udi, sentimita 15 hadi 20, kwa sababu maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi upande wa mbele) huongeza besi ikikaribia na chombo kile kinaihitaji.

Nina mikisa ya zamani isiyo na fantomu. Nikiipa maiki ya kondensa betri ya volti 9 itafanya kazi?
*Msomaji, Tabata*

Inategemea. Kama ni ya elektreti (ambayo kapsuli yake imeshachajiwa daima kiwandani) na ina mahali pa betri, fuata betri iliyoandikwa hapo. Kama ni kondensa halisi, volti 9 hazitoshi kuchaji utando. Ikitoa sauti itakuwa dhaifu na yenye kelele. Nunua kisanduku cha fantomu cha volti 48. Kiwango hicho kilianzia Norway, kwenye redio ya taifa NRK: Neumann walipowapelekea KM 84, studio zao zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za akiba, wakautumia huo.

Kabla ya kukilipia, omba mita dukani. Waya mweusi kwenye pini ya 1, mwekundu kwenye pini ya 2, kisha ya 3, maiki ikiwa haijachomekwa. Zote mbili zisome kati ya volti 44 na 52. Visanduku vingine vimeandikwa 48 kwa nje na mita inasoma 15. Hicho mwachie muuzaji.