Ukimtafuta kuyu, anza na mwiba wa mgongoni

Kila mafuriko ya Sabaki yakishuka, vidimbwi huachwa kandokando ya mto, kuanzia Jilore hadi karibu na daraja, na ndani yake wamejaa visamaki vya rangi ya fedha, urefu wa kidole. Uliza ni samaki gani. Mmoja atakwambia dagaa, mwingine mtoto wa mkizi, wa tatu mwatiko mchanga. Sisi watu wa Malindi tunamjua changu na kolekole hata gizani, lakini samaki wa mtoni tumewasahau, na jambo hilo linaniuma.

Wengi wa visamaki hivyo ni kuyu wadogo, samaki wa mtoni wenye magamba. Mkizi na mwatiko ni rahisi kuwatoa: mkizi ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, kuyu ana moja tu. Mwatiko analo moja pia na mkia wake umepasuka kama mkasi, lakini mdomo wake hauna sharubu. Kuyu wa huku kwetu, mtazame pembeni mwa mdomo, utaona vijiuzi laini: jozi moja kwenye pembe za mdomo na mara nyingi jozi nyingine mbele yake. Sharubu peke yake zisikudanganye, maana kambare anazo jozi 4, ila yeye hana gamba hata moja. Na ukiona kipezi kidogo kinene karibu na mkia, nyuma ya pezi la mgongoni, mrudishe majini, huyo si kuyu.

Kazi yenyewe huanza unapotaka kujua ni kuyu yupi. Mwaka wangu wa kwanza niliwapanga kwa rangi. Wenye doa jekundu shavuni niliwaweka chupa moja, weupe watupu chupa nyingine, nikawatia fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, nikaandika majina kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu nilifungua chupa ili nihakikishe, nikakuta madoa yamefifia yote. Samaki wote walikuwa na rangi moja ya majani makavu, na vibandiko vya chupa mbili vilikuwa vimeshabanduka. Msimu mzima wa kazi ukapotea, na samaki wale walikuwa wamekufa bure. Hilo la pili ndilo lililonikaa moyoni.

Tangu hapo naanza na mwiba. Lowesha mkono kwanza, mkono mkavu humvua samaki ute wake. Mlaze kiganjani, inua pezi la mgongoni kwa ncha ya kidole, utafute unyuzi wa mbele ulio mnene kuliko wenzake. Pitisha ukucha ukingo wake wa nyuma, juu na chini, taratibu. Kwa baadhi ya kuyu ukucha unateleza tu. Kwa wengine unakwama-kwama, kwa sababu ukingo ule una meno madogo kama ya msumeno. Ukimwinua dhidi ya jua utayaona, yamepangika safi mpaka karibu na ncha.

Msumeno huo ndio alama kubwa ya Enteromius paludinosus (ndilo jina lake la kisayansi), kuyu aliyeelezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1852 kutokana na samaki wa Quelimane, Msumbiji. Mwili wake ni wa fedha bila madoa makubwa, sharubu jozi mbili, na anaweza kufika kama sentimita 15. Wapo kuyu wengine wenye msumeno, kwa hiyo usiishie hapo. Hesabu magamba ya mstari wa ubavuni, kuanzia nyuma ya kifuniko cha matamvua hadi shina la mkia, uone kama mstari wenyewe umefika mwisho au umekatika njiani. Mwenye doa la rangi ya chungwa iliyoiva kwenye kifuniko cha matamvua ni Enteromius kerstenii, jina lililotokana na Otto Kersten, aliyepanda Kilimanjaro pamoja na msafiri Mjerumani von der Decken mwaka 1862. Vitabu vya zamani vitawaita wote Barbus. Jina la Enteromius lilirudishwa kwa kuyu wadogo wa Afrika mwaka 2015, basi ukisoma tafuta yote mawili.

Kama samaki ni mkubwa na unashuku ni jamii ya Labeobarbus, yaani kuyu wakubwa, ng'oa gamba moja ulishike dhidi ya mwanga. Kwa kuyu wadogo mistari ya gamba hutawanyika kama miale ya jua, kwa wale wakubwa hukimbia sambamba. Gamba moja huota tena.

Rangi nayo iandike, tena iwe ya kwanza, samaki akiwa hai ndani ya chombo cheupe chenye maji. Ndiyo inayoondoka mapema kuliko alama zote, na ndiyo ya kuamini mwisho. Na karibu na mlango wa mto jioni ikiingia toka majini. Viboko wako pale.

Mwezi uliopita nilikuwa Jilore na mjukuu wa mzee mmoja tunayevua naye kwa kipande cha leso. Akamwinua kuyu mmoja, akapitisha ukucha mgongoni, akarudia. "Mjomba, huyu hana msumeno," akasema, "na shavu lake linawaka." Nikamwambia asimguse tena, tuandike kwanza hilo shavu.