Muulize Fundi: Gari la umeme limefika nyumbani, tunalichaji wapi?

SWALI: Fundi habari za siku. Nimenunua gari la umeme la mtumba, betri yake ni ya uniti 40. Kuna jamaa anauza chaja ya ukutani ya kilowati 22, anasema itajaza betri chini ya saa mbili. Mke wangu yeye anasema tupitishe tu ekstensheni dirishani tulale. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hakuna, ila shemeji amekaribia zaidi.

Kile kiboksi cha ukutani wote tunakiita chaja lakini chaja yenyewe imo ndani ya gari, ndo inayogeuza umeme wa AC wa nyumbani uwe DC wa kuingia kwenye betri, kiboksi ni mlinzi wa geti tu, kinaongea na gari kwanza ndo kinafungulia umeme. Sasa kama chaja ya gari lako mwisho wake kilowati 6.6, hata ukifunga kiboksi cha 22 litavuta hiyohiyo 6.6. Na hiyo 22 inataka fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme zinazoingia nyumbani, za ampia 32 kila moja, nyumba nyingi zina fezi moja. Angalia kitabu cha gari kabla hujatoa hela.

Tuje kwa shemeji. Soketi ya kawaida ya volti 230, gari likivuta ampia 10 ni kilowati 2.3. Kwa saa 10 za usiku mita inasoma uniti 23, ukitoa zinazopotea kwa joto zinabaki kama 20, na gari dogo linakula uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Yaani umelala umeamka na kilomita 100 mkononi. We kwa siku unatembea ngapi? Kama ni 40 kwenda na kurudi soketi inakutosha kabisa.

Ninachokataa ni ekstensheni. Pasi nayo inavuta ampia nyingi ila inapumzika, gari linavuta usiku kucha na kila kiungo kilicholegea kinapata moto. Yalinikuta mwenyewe, nilitumia ile ekstensheni ya gurudumu nikavuta waya wa kufika garini tu, uliobaki nikauacha umejikunja, asubuhi nakuta mizunguko imeyeyuka imeshikana kuwa kitu kimoja na harufu ya plastiki nyumba nzima. Bahati tu haikuwaka.

Kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni, avute waya mpya kutoka kwenye boksi la breka, soketi nzito ya peke yake, breka ya peke yake, na ethi, yaani ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, aipime kwa kifaa sio kwa macho. Ile breka inayokata umeme ukivuja iwe ya aina inayofaa magari, maana gari linaweza kuvujisha DC na ile ya kawaida inapumbazwa haikati. Usiku wa kwanza, baada ya saa moja shika plagi. Uvuguvugu sawa. Ikiwa ya moto mpaka unatoa mkono, simamisha kwanza kuchaji kwenye gari ndo uchomoe, halafu angalia kama tundu za soketi zimebadilika rangi kuwa kahawia.

Ukija kutaka kiboksi cha ampia 32 baadaye, piga hesabu ya nyumba nzima. Hita ya kuogea ya kilowati 4.5 ni karibu ampia 20, oveni ya kilowati 3 ni 13, jumlisha na gari unapata 65. Kama breka kuu ni ya 60 mnaweza kujikuta mnaoga gizani. Kipo kiboksi kinachopunguza chenyewe nyumba ikizidiwa, au weka gari lianze kuchaji saa sita usiku watu wamelala, mimi hii ndo naipenda haina gharama.

SWALI: Mvua ikinyesha nachomoa?

JIBU: Upande wa gari hapana, ile plagi haina umeme mpaka gari na kiboksi vimekubaliana. Ogopa upande wa soketi, kama iko nje iwe ya kuzuia maji yenye kifuniko.

SWALI: Nijaze mpaka 100 kila siku?

JIBU: Inategemea betri. Kama ni ya LFP, yaani ile ya lithiamu yenye chuma na fosfati, watengenezaji wengi wanataka uijaze mpaka 100 walau mara moja kwa wiki ili gari lijue kusoma kiwango vizuri. Hizi nyingine za lithiamu zenye nikeli ishia 80, safari ndefu ndo ujaze.