Maswali Yenu: Sikukuu za Majira na Kazi za Mazingira Mtaani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofuata upagani wa kisasa, ule wenye sikukuu nane kwa mwaka, wanaotaka ibada zao ziende sambamba na kazi za mtaa. Zinazofanana tumeziunganisha.

Swali: Mhariri, tulikuwa saba, sasa tumebaki wanne. Mwaka jana tuliamua kila sikukuu iwe na kazi yake ya mazingira. Kufikia ya nne wenzetu walikuwa hoi, wakaanza kutoa udhuru. Tupange vipi mwaka huu? – *Tuliobaki*

Jibu: Punguzeni. Sikukuu nane ni sawa na moja kila baada ya wiki sita na nusu hivi, na kazi yoyote ya maana inataka wiki mbili au tatu za maandalizi: ruhusa ya mwenye ardhi, vifaa, usafiri, watu. Watu wanne wanamudu kazi kubwa mbili na ndogo mbili kwa mwaka. Sikukuu nne zinazobaki ziacheni ziwe za kula, kuimba na kupumzika. Wala msidhani mnavunja mila ya kale. Mpangilio huu wa sikukuu nane ulikamilishwa Uingereza katikati ya karne ya 20, kwa kuunganisha sikukuu nne za Kiselti (za watu wa kale wa Ulaya ya magharibi) na siku nne za jua (mchana mrefu kuliko yote, mchana mfupi kuliko yote, na siku mbili ambazo mchana na usiku hulingana), na jina Mabon kwa sikukuu ya Septemba lilianza kutumika miaka ya 1970 tu.

Halafu chagueni sehemu moja, ukingo wa mto au kiwanja kilichoachwa, ambayo kila mmoja wenu anaifikia kwa miguu. Kikundi kinachohamahama kila sikukuu hakiwezi kujua mche upi ulikufa.

Kwa walio kaskazini mwa dunia, kwenye nchi za baridi, kazi kubwa mbili zinajichagua zenyewe. Ya kwanza ni kupanda miti baada ya Samhain (31 Oktoba), kwa sababu kati ya Novemba na Machi miche imelala na huweza kuhamishwa bila udongo kwenye mizizi. Hapa ndipo wengi wanapoua miche bila kujua: wanaitandaza chini ili ipendeze kwenye ibada, upepo unapiga mizizi, na vijizizi vyembamba vinavyofyonza maji vinakauka kwa muda mfupi sana. Miche ikae ndani ya gunia lenye unyevu, itolewe mmoja mmoja shimo likiwa tayari.

Ya pili ni kufyeka kiwanja cha maua ya mwituni wakati wa Lughnasadh (1 Agosti). Fyekeni, acheni nyasi zikauke hapohapo siku tatu hadi saba ili mbegu zidondoke, kisha kokoteni zote kwa reki mzitoe nje. Watu hupenda kufyeka na huchukia kukokota. Nyasi zikiachwa zioze zinarutubisha udongo, na udongo wenye rutuba nyingi huzipa nguvu nyasi kubwa zinazosonga maua. Baada ya miaka michache mtakuwa na kiwanja cha nyasi na magugu yanayowasha, na mtashangaa maua yamekwenda wapi.

Kazi ndogo: Imbolc (1 Februari) punguzeni matawi ya vichaka kabla ndege hawajaanza kujenga viota. Beltane (1 Mei) msikate chochote; zungukeni na daftari, hesabuni miche iliyo hai. Walio kusini mwa dunia wasogeze kila kitu miezi sita, Beltane ikiangukia mwisho wa Oktoba.

Swali: Naishi karibu na ikweta. Hapa hakuna baridi ya Yule (sikukuu ya Desemba) wala siku ndefu ya Juni. Nikifuata kalenda ya Ulaya najiona naigiza. Nifanyeje? – *Msomaji wa ikweta*

Jibu: Hisia yako ni sahihi. Kwenye ikweta yenyewe mchana huwa na urefu wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo sikukuu inayosherehekea kurudi kwa mwanga haina cha kusherehekea. Mambo mawili yanabadilika kwako: mvua, na mahali jua linapopita.

Jua lifuatilie kwa kijiti. Mahali popote kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Simamisha kijiti wima kabisa, ukihakikisha kwa uzi wenye jiwe, na utazame kivuli chake kifupi kuliko vyote cha siku. Siku kivuli kinapotoweka chini ya kijiti, hiyo ni sikukuu yako ya jua. Kwenye ikweta ni karibu na 20 Machi na 23 Septemba.

Mvua ipime kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mbali na paa na miti, juu ya kigingi ili matone yasiruke kutoka chini. Kila asubuhi saa ileile pima kina cha maji kwa rula, andika milimita, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, hesabu itakayokufaa ukianza kumwagilia. Kosa la kawaida ni kutangaza sikukuu ya mvua kwa manyunyu ya kwanza. Kipimo kizuri ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili au tatu. Hata hapo chimba kwanza kidogo: kama unyevu haujafika sentimita 30 chini, ngoja. Mvua ya udanganyifu ikifuatwa na siku kumi za jua kali huua miche iliyopandwa kwa pupa.

Kazi ya kilele cha kiangazi ni kuchimba mashimo, wiki nne hadi sita kabla ya mvua: sentimita 45 hadi 60 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu ukiwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine. Mvua zikishika, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza ndio unaorudi kwanza, pale mizizi itakapokaa. Chana kiriba (mfuko wa plastiki uliooteshewa mche) chote ukitoe. Kiriba kilichoachwa huzungusha mizizi, na mti hupendeza miaka miwili kisha huanguka kwa upepo. Shingo ya mche iwe usawa wa ardhi. Matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina, maana yakiligusa huliozesha na kuwaita mchwa. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita 10 hadi 20 mara moja kwa wiki. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hupanda juu kufuata maji.

Kwa hiyo mwaka wako unaweza kuwa na sikukuu nne: kuchimba, kupanda, mwisho wa mvua (siku ya kuweka matandazo), na kukusanya mbegu. Majina yake chagueni wenyewe.

Swali: Tupande mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu?

Jibu: Ushahidi kwamba mwezi hubadilisha uotaji wa miche ni dhaifu sana. Kama mwezi unawasaidia kukumbuka kukutana, utumieni kwa hilo, ila siku ya kupanda iamuliwe na unyevu wa udongo.

Swali: Kila sikukuu tunafunga vitambaa kwenye mti mkubwa, tunawasha mishumaa kwenye mawe na kumwaga chumvi na asali. Sasa msimamizi wa hifadhi anatukataza. Je, anatuonea? – *Wenye mti*

Jibu: Hawaonei hata kidogo, na tungemuunga mkono.

Kitambaa cha nailoni au poliesta hakiozi. Kikifungwa kwa kukaza, tawi linavyonenepa linajikaba lenyewe: gome hupasuka, chakula kutoka majanini hakishuki, na tawi hufa kuanzia kwenye fundo. Mkitaka kufunga, tumieni uzi wa katani au pamba isiyotiwa rangi, mfunge kwa ulegevu kidole kipite, na mfungue siku hiyohiyo kabla ya kuondoka. Mishumaa midogo huacha masizi na nta vinavyoingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na joto la sehemu moja huweza kulipasua. Nchini Uingereza makaburi ya mawe yenye miaka zaidi ya 5,000, kama West Kennet, yameumizwa hivyo hivyo na watu wenye nia njema. Taa ya betri inatosha.

Chumvi huua mizizi na minyoo ya udongo, na hakuna namna ya kuiokota tena. Asali ya dukani ndiyo watu hawaitilii shaka, kumbe inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa unaoozesha viluwiluwi vya nyuki. Vimelea hivyo havimdhuru binadamu, lakini nyuki wakija kuilamba huvipeleka mzingani, na mizinga yenye ugonjwa huo mara nyingi huishia kuchomwa moto. Maua ya kununua huja na waya, dawa na wakati mwingine mbegu ngeni. Maziwa na mkate kwenye kijito huoza na kula hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Basi mtoe nini? Maji safi yaliyomwagwa kwenye mizizi wakati wa kiangazi, au wimbo. Au gunia moja la taka lililotolewa chini ya mti huohuo. Mwombeni msimamizi awaambie anachokosa. Mara nyingi ni mikono ya kung'oa mimea vamizi kabla haijatoa mbegu.

Neno moja kuhusu moto, maana wengi mmeuliza: kuni zilizorundikwa siku nyingi kabla huwa makazi ya wanyama wadogo. Rundo lijengwe siku ileile, au lihamishwe kipande kwa kipande kabla ya kuwashwa.

Swali: Majirani zetu ni Waislamu na Wakristo. Tumewaalika kusafisha mto, wakasema tunataka kuwaingiza kwenye uchawi. Tufanye nini? – *Dada wa ukingoni*

Jibu: Dada, tenganisheni kazi na ibada. Tangazo la kazi liseme kazi tu: siku, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, nani anasimamia, kitu gani kila mtu aje nacho. Ibada yenu ifanyeni siku nyingine au mahali pengine. Mtu aliyekuja kuokota chupa asijikute amesimamishwa kwenye duara ameshikwa mkono. Likitokea mara moja tu, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Upande wa pili, msijifiche: mkiulizwa mnaamini nini, jibuni kwa ufupi na bila haya. Kinachowatisha watu ni kuona mmefukia kitu usiku na hamsemi ni nini. Epukeni pia Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, na wazee waendewe nyumbani mapema, wasipate habari kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Siku yenyewe iwe ya saa mbili, tatu zikizidi. Msimamizi mmoja kwa kila watu 8 hadi 10. Glavu nene kwa wote, na ndoo moja ngumu yenye mfuniko kwa ajili ya sindano na vioo, inayoshikwa na mtu mzima mmoja tu. Msiende ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa: maji huwa na nguvu na yamebeba kinyesi na mkojo wa panya, ambao huleta homa mbaya ukiingia kwenye mchubuko. Asiingie mtu majini kupita magotini. Magunia yajazwe nusu, kwa sababu taka zenye maji ni nzito na gunia lililojaa hupasukia njiani.

Zaidi ya yote, mpangieni mchukua taka kabla ya siku. Magunia yakilala ukingoni, mvua ya kwanza itayarudisha mtoni na majirani watakuwa wameona. Pimeni kwa mizani ya kuning'iniza, mgawe kwa aina: chupa, mifuko, nguo, vifungashio vya chakula. Mkifanya hivyo mara tatu mahali palepale mtajua taka zinatoka wapi, na hapo mna jambo la kumpelekea kiongozi wa mtaa.

Swali: Barabara mpya itapita kwenye kijisitu tunachofanyia ibada. Wengine wanasema tufanye ibada kubwa ya kuuzuia mradi, wengine twende kwa mwanasheria. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mfano unaofaa ni Oxleas, msitu wa kale kusini mashariki mwa London. Wapagani wa kikundi cha Dragon walifanya ibada pale, na mwaka 1993 serikali iliuacha mpango wa barabara. Lakini wakati huohuo wakazi walikuwa wamejipanga kwa miaka mingi, na suala la tathmini ya athari kwa mazingira lilikuwa limefika Tume ya Ulaya. Kule Twyford Down, karibu na Winchester, watu walipiga kambi mwaka 1992 kwa moyo uleule. Kilima kikakatwa na barabara ya M3 ikafunguliwa mwaka 1994. Ibada huwashikilia watu pamoja miezi inapokuwa mirefu, na hiyo si kazi ndogo. Haiwezi kuandika pingamizi.

Kwa hiyo kwanza pateni nyaraka za mradi na mjue tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, maana pingamizi lililochelewa siku moja linaweza kutosomwa kabisa. Andikeni barua tofauti tofauti, kila mtu kwa maneno yake, kila barua na hoja moja au mbili: mafuriko, visima, njia ya watoto kwenda shule, kelele, wanyama wanaolindwa na sheria. Barua hamsini zinazofanana neno kwa neno zinaweza kuhesabiwa kama moja. Hoja kwamba mahali ni patakatifu iwekeni, ila isisimame peke yake, na iungeni na ushahidi wa matumizi: tangu lini, mara ngapi, watu wangapi.

Ushahidi wa wanyama na mimea uwe na picha, tarehe na mahali panapoonekana kwenye ramani. Msipigilie misumari wala mabango kwenye miti; mtampa mpinzani picha ya kuwaumbua. Nakala ya kila barua ibaki kwenu, ikiwa na mhuri wa mapokezi na tarehe.