Re: Mutt inanionyesha antete mingi mbele ya mesaji

Ndugu, ile misururu ya antete kama Received (mistari ya njia mesaji ilipitia) unaona juu ya kila mesaji mu Mutt, programu ya kusoma email mu terminal, inaondoka rahisi, fungua fishiye ~/.muttrc uandike `ignore *`, chini yake `unignore from: date: subject: to:`, njo vile yangu iko. Siku unazitaka tena, bonyeza h zinarudi zote.

Kazi iko kwa mesaji za HTML. Weka `auto_view text/html` mu ileile ~/.muttrc, kisha mu ~/.mailcap (w3m ni programu ya kufungua HTML, hapa inatoa maandishi tu):

`text/html; w3m -dump -T text/html %s; copiousoutput`

Lile neno la mwisho usilisahau, miye lilinipotezea jioni nzima na kurà (umeme) ilikuwa karibu kukatika. Hapa Goma na hizi mega za internet za kuhesabu, mapicha za promo nani anazitaka? Ongeza mu ~/.muttrc `set pager_index_lines=8`, unasoma na liste ya mesaji iko juu.